Gunia la Ndimu na Mabalungi: Damu Inapokosa Vitu Viwili kwa Pamoja

Haya ni maneno niliyoyasema Muheza, mkoani Tanga, mbele ya wauguzi, matabibu, watu wa maabara, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wananchi waliofika siku ile. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokosa nafasi.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wauguzi, matabibu, wenzangu wa maabara, vijana wa chuo, na mama zangu mliokuja na watoto mgongoni, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na mama mmoja. Jina lake nalihifadhi, na kituo nakihifadhi pia, ila nasema mapema kwamba kosa nitakalolieleza lilifanywa kwa mkono wangu. Siku hizo nilikuwa tabibu kijana. Mama alikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto watano, wa mwisho bado ananyonya. Alfajiri anapika vitumbua, anauza mpaka saa tatu, kisha anashika jembe. Aliniambia, "Daktari, mwili hauna nguvu. Nikipanda kilima moyo unanidunda mpaka masikioni." Nikamgeuza kope, ndani kumepauka. Akatobolewa kidole, damu, yaani hemoglobini, ikasoma gramu 7.2 kwa desilita. Nikampa vidonge vya madini ya chuma vitupu, kwa kuwa FEFO zilizobaki, vile vidonge vyenye chuma na asidi ya foliki pamoja, tuliziweka kwa ajili ya wajawazito, nikamwambia ale mchicha, akaenda.

Mwezi wa pili damu ikasoma 8.0. Tukafurahi. Mwezi wa tatu ikasoma 7.9. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo leo naionea aibu, kama kweli anavimeza vile vidonge au anavitupa. Akajibu kwa upole, "Ninavimeza, daktari. Hata choo ni cheusi." Nikamwandikia FBP, kile kipimo cha damu kwa mashine. Majibu yakarudi, MCV 88. Nikaizungushia kalamu, nikaandika kwenye cheti chake: ukubwa wa seli ni wa kawaida, si upungufu wa chuma. Nikamsimamishia dawa.

Mama yule alikuwa amepungukiwa chuma kweli. Na alikuwa amepungukiwa kitu kingine juu ya chuma. Karatasi niliyoishika mkononi ilikuwa imeyasema yote mawili, mimi nikasoma mstari mmoja.

Niwaeleze jinsi inavyokuwa, na hapa nasema na wote, si wataalamu peke yao.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Seli nyekundu, ili itoke ikiwa kamili, lazima ijazwe hemoglobini, na hemoglobini haitengenezwi bila chuma. Chuma kikipungua, seli hugawanyika na kugawanyika tena huku haijajaa, ikatoka ndogo, imepauka. Lakini seli hiyohiyo, ili iweze kugawanyika, lazima kwanza inakili DNA yake, na kazi hiyo inahitaji asidi ya foliki na vitamini B12. Hizo zikikosekana, mwili wa seli unakua lakini kiini chake hakiko tayari. Inatoka kubwa kupita kiasi, mara nyingi ina umbo la yai, na nyingi hufia hukohuko ubohoni kabla hazijatoka. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hawa macho yao huwa na manjano kidogo, tukadhani ni ini.

Kwa hiyo kuna upungufu unaozaa seli ndogo, na kuna upungufu unaozaa seli kubwa. Je, mtu mmoja akiwa na yote mawili?

Niko Muheza, sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Chukua gunia. Tia ndimu mia na mabalungi mia. Lifunge, lipime uzito, kisha ugawe kwa mia mbili. Utapata uzito wa chungwa, tena chungwa zuri la kupakia lori. Sasa lifungue. Hamna chungwa hata moja.

MCV ndiyo hesabu ya gunia lile. Ni wastani wa ukubwa wa seli nyekundu. Ikiwa kati ya femtolita 80 na 100 tunasema ni ya kawaida. Seli za 65 ukizichanganya na za 115 kwa idadi sawa, unapata 90, na mtu anaambiwa seli zake hazina tatizo.

Mashine hiyohiyo huandika namba nyingine mistari michache chini, nayo ni RDW. Hiyo haisemi seli ni kubwa kiasi gani, inasema zimetofautiana kiasi gani. Maabara nyingi huhesabu mpaka asilimia 14.5 au karibu na hapo kuwa kawaida. Ya mama yule ilikuwa 24. Na chini ya karatasi mashine huchora kilima cha ukubwa wa seli. Kwa mtu mzima wa afya ni kilima kimoja, kimesimama wima. Kwake vilikuwa viwili vilivyoshikana mabega. Tafadhalini, ndugu zangu matabibu, anayepokea karatasi ya FBP asiishie kwenye hemoglobini na MCV. Atelemke mpaka RDW, na autazame mchoro.

Ndugu zake walimpeleka hospitali nyingine. Huko aliangukia mikononi mwa mzee mmoja wa maabara aliyebakiza muda mfupi astaafu. Nilipopata habari nilikwenda, na mzee hakunilaumu. Alivuta kigoda akaniambia, "Kaa. Utazame mwenyewe kwanza, kisha ndipo tuzungumze."

Nataka mkitazame nilichokitazama, maana tangu siku ile ndipo nilipoanza kuijua damu.

Alikuwa ametandaza tone la damu kwenye slaidi, tabaka jembamba, si lile tone nene la kutafutia malaria. Umbo lake lilikuwa kama ulimi, mwanzo mzito, mwisho unafifia kama unyoya. Akaipaka rangi ya Leishman. Akanipeleka sehemu ya karibu na mkia, pale seli zinapogusana bila kulaliana, akasema popote pengine patakudanganya. Ili kujua ukubwa alinionyesha limfosaiti ndogo, aina moja ya seli nyeupe. Kiini chake kinakaribia kulingana na seli nyekundu ya kawaida, kwa hiyo unatembea na rula yako ndani ya slaidi.

Nikaona. Kulikuwa na seli ndogo kuliko rula, zimebaki kama bangili, rangi pembeni tu, katikati weupe umeenea, wakati kwa mtu wa afya ule weupe huchukua theluthi moja hivi. Nyingine nyembamba na ndefu kama penseli. Na katikati yao, kama mabalungi yaliyomwagwa kwenye ndimu, zimekaa seli kubwa zenye umbo la yai, zimejaa rangi mpaka katikati. Watu wawili tofauti, ungesema, wamechangia slaidi moja.

Kisha mzee akasogeza slaidi akasimama kwenye seli nyeupe, nutrofili. Akaniambia nihesabu. Kiini cha nutrofili kina vifundo vilivyoungwa kwa nyuzi nyembamba, na kwa kawaida ni vitatu, vinne. Nikahesabu sita. Akasogeza, nikahesabu vitano. Akasogeza tena, vitano. Akasema, "Upungufu wa chuma unaweza kuzipunguza seli nyekundu mpaka ukubwa wake usiuone. Hizi nyeupe hazidanganywi na chuma." Kanuni ninayoitumia mpaka leo ni hii: nutrofili moja yenye vifundo sita, au zaidi ya tano katika kila mia zikiwa na vifundo vitano na kuendelea, basi shuku sana kwamba foliki au B12 imepungua, hata kama MCV iko 80, hata kama iko 75. Tena alama hiyo haiondoki mara tu dawa ikianza. Hukaa siku kumi, hata wiki mbili.

Sasa nina neno kwa wenzangu wa maabara, na nalisema kwa uchungu. Tangu kipimo cha haraka cha malaria kienee, hadubini nyingi zimefunikwa kitambaa. Kipimo kile kimeokoa maisha, sikipingi hata kidogo. Lakini hadubini haikuletwa kwa malaria peke yake. Kituo kisicho na mashine ya FBP, kisicho na feritini, kile kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ambacho B12 wanaisikia kwa jina tu, kina slaidi, kina rangi, kina jicho la mtu aliyesomea. Upungufu mchanganyiko unaweza kutambuliwa hapohapo, kabla mgonjwa hajapanda gari. Kinachotakiwa ni tabibu aombe, na mtu wa maabara apewe muda wa kutazama.

Lakini kabla hujaandika neno mchanganyiko, uliza swali moja: mgonjwa ameongezewa damu lini? Aliyeongezewa ndani ya miezi mitatu ana seli zake na seli za mchangiaji, na slaidi yake nayo itaonyesha makundi mawili. Aliyeanza vidonge vya chuma wiki chache zilizopita hali kadhalika, ana seli za zamani zilizopauka na mpya zilizojaa. Kwa hiyo mgonjwa akifika na damu ya 4 na ni lazima aongezewe, chukua sampuli na utandaze slaidi kwanza. Ni dakika mbili. Ukishamwongezea, ushahidi umeuchanganya mwenyewe.

Na hapa kwetu Pwani kuna la kuongeza. Wengi wamezaliwa na seli ndogo kwa urithi, wana alfa-thalasemia bila kujua, na hawaumwi. Mtu wa namna hiyo akipungukiwa foliki, seli zake hupanda kutoka 72 mpaka 85, nawe ukaiona 85 ukamwambia hana neno. Mwenye selimundu naye hula foliki nyingi kuliko mtu mwingine, kwa sababu uboho wake haupumziki.

Sasa twendeni jikoni, kwa sababu nusu ya utambuzi wa ugonjwa huu iko jikoni na haihitaji umeme.

Mama yule nilikaa naye baadaye, nikamuuliza ambacho sikumuuliza miezi mitatu. Asubuhi chai ya rangi na kitumbua kilichovunjika. Mchana ugali na kisamvu. Usiku ugali na kisamvu kilichobaki, na chai tena. Dagaa? "Mara mojamoja, za watoto." Maharage? "Mwisho wa mwezi." Nyama aliikumbuka kwa sikukuu, si kwa wiki.

Tazameni sasa. Unga wa mahindi una vitu vinavyokishika chuma tumboni kisifyonzwe, na chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya vivyo hivyo. Kisamvu kina foliki, lakini hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na lazima kichemshwe hivyo, majani mabichi ya muhogo yana sumu. Foliki haivumilii moto wa muda mrefu wala maji yanayomwagwa. Kwa hiyo kinachofika sahanini ni kidogo. Na mwili hauweki akiba kubwa ya foliki, akiba ni ya miezi mitatu minne hivi. Daktari mmoja wa Marekani, Victor Herbert, alijilisha mwenyewe chakula chenye foliki kidogo mno kuanzia mwaka 1961 ili aone. Wiki saba hivi nutrofili zake zikaanza kuwa na vifundo vingi, na baada ya miezi minne na nusu uboho wake ulikuwa umeharibika wazi. Huyo ni mwanamume mzima, hana mimba wala hanyonyeshi. Mama wa watoto watano je?

Juu ya hapo mama alikuwa na safura. Mnyoo mmoja wa safura wa aina iliyoenea zaidi kwetu hunyonya damu kidogo sana kwa siku, kama sehemu tatu za mia za mililita, lakini mia moja wakikutana ni mililita tatu kila siku, bila likizo. Anakwenda shamba peku, na choo cha pale kijijini mnakijua.

Kwa hiyo mtu hapungukiwi kitu kimoja kwa bahati mbaya na kingine kwa bahati mbaya nyingine. Sahani ni ileile, mimba ni zilezile, minyoo ni ileile. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kwa mama anayekula anavyokula mama yule, upungufu wa kitu kimoja tu ndio wa kutafutiwa ushahidi, na mchanganyiko ndio wa kuanzia kuushuku. Utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa na asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Hesabu ile inatuambia wangapi. Haituambii wamekosa nini.

Ulizeni pia yale ambayo mtu huona haya kuyasema. Mama, unakula udongo? Unatafuna mchele mbichi? Tamaa hiyo huandamana sana na upungufu wa chuma. Mtazameni kucha kama zimebonyea kama kijiko. Tazameni pembe za mdomo kama zimechanika, na ulimi kama umekuwa mwekundu, laini, unaouma akila pilipili. Kwa ngozi zetu nyeusi tazameni vifundo vya vidole, kwa sababu B12 ikipungua huwa vinazidi weusi kuliko mkono mwingine. Hayo yote yanaonekana kwa macho, mchana, kwenye benchi la kusubiria.

Mchicha, matembele, kunde, maharage na machungwa vina foliki. Machungwa yana faida ya pili, huufungulia mlango ule wa chuma unaofungwa na chai. Inaniuma ninapoona lori linaondoka hapa limejaa kwenda Dar es Salaam na Kenya, na nyumba ya aliyechuma hakuna chungwa mezani. Lakini sikilizeni: B12 haimo kwenye majani wala matunda. Iko kwenye samaki, dagaa, nyama, mayai, maziwa. Juisi ya rosela ni njema, inyweni, ila wekundu wake si wekundu wa damu, na B12 haina. Na kwa wenye watoto wachanga, maziwa ya mbuzi peke yake yasiwe chakula cha mtoto wa miezi michache. Yana foliki kidogo mno, na chuma ni kidogo pia. Nimeona mtoto wa miezi minane aliyelelewa hivyo kwa nia njema kabisa, mnene, mweupe kama karatasi, na slaidi yake ilikuwa ndimu na mabalungi.

Nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, na hapa vijana wa chuo naomba masikio yote mawili.

Mzee mmoja wa miaka 67, mwenye kisukari, alikuwa akimeza metformini kwa miaka mingi, na diklofenaki kwa magoti. Diklofenaki ilimchubua tumbo, akawa anavuja damu kidogo kidogo, chuma kikaisha. Metformini nayo, ikitumika miaka mingi, huweza kupunguza ufyonzaji wa B12. Damu yake 9.1, MCV 92. Akapewa chuma na vidonge vya foliki vya miligramu 5. Damu ikapanda mpaka 11, kila mtu akaridhika. Miguu ikawa na ganzi, akaambiwa ndiyo kisukari. Akawa anatembea kama anayepapasa sakafu. Asubuhi moja aliinama kunawa uso, akafumba macho, akaanguka.

Foliki nyingi inaweza kuisaidia damu ya mtu aliyepungukiwa B12. Seli zinapata nguvu ya kugawanyika, namba inapanda. Lakini mishipa ya fahamu na uti wa mgongo havisaidiwi na foliki. Vinaendelea kuharibika kimyakimya huku karatasi ya maabara inapendeza. Mzee alipimwa B12 Dar es Salaam, ilikuwa chini kabisa. Alichomwa sindano za B12, ganzi ikapungua. Fimbo hakuiacha tena.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu mzima foliki ya miligramu 5, mfumbishe macho. Shika kidole gumba cha mguu, kipandishe, kishushe, akuambie kimekwenda wapi. Msimamishe miguu pamoja, macho yamefumbwa, wewe ukiwa karibu umdake. Muulize kama anasahau sana siku hizi. Ukiwa na shaka na hakuna pa kupima B12, mpe sindano ya B12, mikrogramu 1,000, kwanza au pamoja na foliki. Foliki isitangulie peke yake. Sindano ile haina hatari ya kuogopesha, na kuchelewa kwake nimewaeleza.

Na kwa wajawazito kuna sababu nyingine ya kuiogopa foliki ya miligramu 5. Tunawapa SP kuzuia malaria, na SP hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki. Ukimpa mama kipimo kikubwa cha foliki, unamlisha na kimelea. Foliki ndogo iliyomo kwenye FEFO haina neno hilo.

Kuna historia moja naipenda, nitaisema kwa ufupi. Huko Marekani George Whipple aliwatoa mbwa damu mpaka wakapungukiwa, akawalisha vyakula mbalimbali, akaona maini ndiyo yanayowarudisha haraka. George Minot na William Murphy wakasikia, wakawapa maini wagonjwa wa aina ya upungufu wa damu ambayo wakati huo ilikuwa inaua, na 1926 wakatangaza kwamba wanapona. Wote watatu wakapewa Nobeli 1934. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba mbwa waliponywa na chuma cha maini, na watu waliponywa na B12 ya maini, ambayo haikutengwa mpaka 1948. Na katikati hapo kuna mwanamke, Lucy Wills, Mwingereza aliyekwenda Bombay 1928 kuwachunguza wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, maskini, waliokuwa na seli kubwa. 1931 akaandika kwamba Marmite, ile hamira iliyokolezwa, inawaponya. Baadaye akaonyesha kwamba dondoo la maini lililosafishwa sana, lililowaponya wagonjwa wa Minot, haliwasaidii wanawake wale. Kumbe ni kitu kingine kabisa, ndicho tunachokiita leo foliki. Chakula kimoja kilikuwa kimebeba dawa tatu, ndiyo maana ilichukua miaka kuzitenganisha. Bibi zetu waliposema mzazi apewe maini walikuwa wanatibu mchanganyiko. Mjamzito tu asiyale kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno.

Kwa walio kwenye hospitali kubwa zenye vipimo, neno moja kuhusu feritini. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, chini ya mikrogramu 15 kwa lita, chuma kimeisha. Lakini feritini hupanda mtu akiwa na homa, maambukizi, uvimbe wowote, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linakubali mpaka chini ya 70 kwa mtu mzima mwenye hali hiyo. Na kwenye mchanganyiko kuna mtego wa pili. B12 au foliki ikipungua, uboho hautumii chuma ipasavyo, chuma kinabaki, feritini inaonekana nzuri. Anza kutibu B12, uboho uamke, uile akiba yote ndani ya wiki chache, na feritini ianguke mbele ya macho yako. Pima tena. Aliyekuwa na chuma cha kutosha mwezi uliopita anaweza kuwa hana mwezi huu.

Hapo ndipo tiba yenyewe inapokuwa kipimo, na kwa kituo kidogo hiki ni kipimo kikubwa. Ukimpa chuma peke yake mtu wa mchanganyiko, damu itapanda kidogo kisha isimame, kama ilivyosimama kwenye 8 ya mama yule, na MCV itaanza kupanda kuelekea 100, kwa sababu ndimu zinapungua na mabalungi yanabaki. Ukimpa foliki au B12 peke yake, itapanda, isimame, na MCV ishuke. Ukimpa vyote, kufikia siku ya saba seli changa zinajaa kwenye slaidi, na baada ya wiki nne damu imepanda kama gramu mbili. Isipopanda, usimgombeze mgonjwa kwanza. Tafuta: safura, kichocho, hedhi nzito, figo, na kwa mzee au mwanamke aliyekoma hedhi tafuta kinachovuja tumboni, inaweza kuwa saratani. Tena usiache chuma siku namba inapopendeza. Endelea miezi mitatu zaidi, ili akiba ijae.

Mama yule alipewa albendazoli, chuma, foliki na sindano za B12, kwa sababu B12 yake hatukuweza kuipima na hatukutaka kubahatisha. Wiki ya pili aliniambia amepanda kilima akiwa na ndoo. Mwezi wa nne damu ilikuwa 12.1, RDW imerudi 15. Nilimwomba radhi. Alinijibu tu, "Sasa ungeniuliza mapema ninakula nini."

Nimekuja na hadubini mbili, zile pale mezani karibu na dirisha. Ya kushoto ina slaidi ya mtu mwenye damu kamili, ya kulia ina ya mchanganyiko, na hazina majina. Waanze mama zetu wenye watoto mgongoni, kisha wazee, vijana mtasubiri. Zungusheni kile kisukani kidogo tu, kikubwa kitavunja slaidi. Anzeni kushoto mzoee macho, ndipo mwende kulia. Atakayeipata nutrofili yenye vifundo sita asiisogeze, aniite na wenzake waje wahesabu.